Mita ya TDS kwa Tangi la Samaki Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wafugaji wa Nairobi

Mfugaji wa samaki wa mapambo jijini Nairobi ana tatizo ambalo maelekezo mengi ya ufugaji hayalitaji: hajui kesho mfereji utatoa maji gani. Leo ni maji ya kaunti, keshokutwa mgao umekatika na msimamizi wa ploti amefungulia kisima, wiki ijayo boza limeegeshwa getini. Samaki ni walewale na tangi ni lilelile, lakini maji ni matatu tofauti. Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mfugaji huyo, hasa yule anayetumia au anayefikiria kununua mashine ya RO (inayosukuma maji kupitia membreni, utando mwembamba unaozuia madini) na ameambiwa atafute mita ya kupima usafi wa maji, yaani mita ya TDS, jumla ya vitu vilivyoyeyuka ndani ya maji.

Mita ya TDS inapima nini hasa?

Inapima jinsi maji yanavyopitisha umeme, basi. Zile ncha mbili za chuma zilizo chini ya mita hupeleka mkondo mdogo wa umeme ndani ya maji. Maji matupu, yasiyo na kitu ndani yake, karibu hayapitishi umeme kabisa. Kinachoubeba ni madini na chumvi zilizoyeyuka: kalsiamu, magnesiamu, sodiamu, bikaboneti, kloridi, salfeti na nyinginezo. Mita hupata kipimo chake kwa mikrosimensi kwa sentimita, kinachoandikwa µS/cm, kisha hukizidisha kwa namba iliyowekwa kiwandani na kukuonyesha ppm, ambayo kwa matumizi yetu ni sawa na miligramu kwa lita.

Ichukulie kama mizani ya sokoni. Inakwambia gunia lina kilo ngapi, haikwambii kama ndani mna maharagwe au mawe. Ukilishika hilo, mengine yote kwenye ukurasa huu yatakuwa rahisi.

Namba ikiwa ndogo, je, maji ni salama kwa samaki?

La. Hili ndilo kosa linaloua samaki wengi, na wauzaji wanaoita kifaa hiki "mita ya usafi wa maji" hawasaidii.

Amonia ya ppm 1 au 2 inatosha kuwachoma samaki matamvua, hasa pH (kipimo kinachoshuka maji yakiwa na asidi) ikiwa juu, na bado mita ya TDS itasogea kidogo tu, kiasi ambacho hutakiona. Klorini inayowekwa kwenye maji ya mfereji ili kuua vijidudu huua pia samaki na bakteria wa filta, lakini mita haiwezi kuitofautisha na chumvi nyingine yoyote. Bakteria, mafuta na dawa nyingi za wadudu hazibebi umeme, kwa hiyo kwa mita ni kama hazipo. Hata tope: maji yakija ya rangi ya chai wakati wa mvua kubwa, udongo ule unaelea tu, haujayeyuka, na mita inaweza kusoma namba ileile ya jana.

Kwa sababu hiyo, kama una pesa za kitu kimoja tu, nunua kwanza vipimo vya matone vya amonia, naitriti na naitreti. Tangi jipya huchukua takriban wiki 4 hadi 6 kabla bakteria wa filta hawajakomaa na kuanza kugeuza amonia kuwa naitriti, kisha naitriti kuwa naitreti. Katika wiki hizo matone ndiyo yatakayowaokoa samaki wako. Mita ije baadaye.

Kama haioni sumu, kwa nini ninunue?

Kwa sababu kuna maswali manne ambayo inayajibu kwa sekunde chache, na hakuna kifaa kingine cha bei hiyo kinachoyajibu vizuri hivyo. Maji yaliyoingia leo ni ya wapi? Membreni ya RO bado inafanya kazi? Madini yanajilimbikiza ndani ya tangi langu? Na maji ya mfuko alimokuja samaki mpya yanatofautiana kiasi gani na ya kwangu?

Swali la kwanza ni la Nairobi kabisa. Mfugaji wa mji wenye chanzo kimoja cha maji anaweza kupima mara moja kwa msimu. Hapa, ninashauri mita ikae karibu na mfereji.

Maji ya Nairobi yana TDS ngapi?

Inategemea yametoka wapi, na tofauti si ndogo.

Maji mengi ya kaunti hutoka nje ya jiji, kwenye mito ya safu ya Aberdare. Bwawa la Ndakaini katika Kaunti ya Murang'a, lililokamilika mwaka 1994 na lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 70, ndilo linalobeba sehemu kubwa ya mzigo huo. Maji yake husafishwa Ngethu kabla ya kushuka hadi Gigiri. Kuna pia Sasumua upande wa Nyandarua, bwawa la Ruiru, na chemchemi za Kikuyu. Maji ya mito ya milimani hayajakaa na miamba muda mrefu, kwa hiyo yana madini machache: mita yako huenda ikasoma chini ya 150, na mara nyingi chini ya hapo sana. Ni maji laini. Kwa samaki kama tetra, ni zawadi.

Maji ya visima virefu ni hadithi nyingine. Nairobi imekaa juu ya tabaka za miamba ya volkano, na maji yaliyokaa humo chini miaka mingi hupanda yakiwa yamebeba sodiamu na bikaboneti nyingi, na mara nyingi floridi inayozidi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa. Ukiwa Kilimani, Karen, Syokimau au Rongai kwenye jengo lenye kisima chake, kusoma 300, 400 au 600 hakutakushangaza.

Hapa pana jambo ambalo ningependa kila mfugaji alijue. Maji ya kisima ya aina hii yanaweza kuwa na TDS ya juu na bado yasiwe magumu. Ugumu wa maji, ule unaopimwa kwa GH, hutokana na kalsiamu na magnesiamu. TDS ya 450 inayotokana zaidi na sodiamu na bikaboneti ina GH ndogo, ila KH (kiasi cha bikaboneti, kinachozuia pH isiyumbe) na pH ziko juu. Mtu anasoma 450, anasema "haya ni magumu, yatawafaa gapi na konokono", kisha baada ya miezi michache anaona magamba ya konokono yanamomonyoka. Kalsiamu haikuwepo. Kipimo cha matone cha GH na KH kingemwambia siku ya kwanza. Usikisie ugumu kutokana na TDS ya maji ya kisima.

Hali ni hiyohiyo pale jengo linapokuwa na mtambo wa kulainisha maji kwa chumvi. Mtambo ule huondoa kalsiamu na kuweka sodiamu mahali pake, kwa hiyo sabuni inatoa povu vizuri na mita yako inasoma karibu namba ileile ya awali.

Maji ya boza na ya mitungi ya lita 20 hayana namba ya kawaida. Pima kila yanapofika, kabla hayajaingia kwenye tangi la akiba. Muuzaji akikwambia ni maji ya kaunti na mita ikasoma 520, umeshajua yametoka wapi.

Kuna aina gani za mita, na mimi inanifaa ipi?

Kwa tangi la nyumbani utakutana na aina tatu.

Ya kwanza ni kalamu ya mkononi. Unaichovya, unasoma, unaifuta. Hii ndiyo ninayompendekezea karibu kila mtu, kwa sababu inaweza kupima mfereji, ndoo, tangi, mfuko wa samaki na maji ya RO kwa kifaa kimoja. Modeli kama TDS-3 ya HM Digital zimekuwa maarufu kwa miaka mingi, na ndiyo maana pia zinaigwa sana. Nitaeleza hapo chini jinsi ya kuipima unayouziwa.

Ya pili hufungwa kwenye bomba la mashine ya RO na huwa na vihisi viwili: kimoja kabla ya membreni, kimoja baada yake. Unabonyeza kitufe unaona namba zote mbili. Inafaa sana ukizalisha maji ya RO kila wiki, kwa sababu hukulazimisha kuona hali ya membreni kila unapofungua mfereji. Kasoro yake ni kwamba haiwezi kwenda popote, na kihisi kikijaa kutu au mapovu ya hewa husoma vibaya bila wewe kujua. Mwenye nayo bado anahitaji kalamu.

Ya tatu ni zile kalamu za "tano kwa moja" zinazodai kupima pH, EC, TDS, chumvi na joto. Zitazame kwa makini. EC, TDS na chumvi si vipimo vitatu. Ni kipimo kimoja cha umeme kilichozidishwa kwa namba tofauti. Unachonunua kwa kweli ni mita ya umeme, kipimajoto na kihisi cha pH. Kihisi hicho cha pH ni kioo laini kinachotaka kubaki na unyevu wa maji yake maalumu ya kuhifadhia, na kwa kawaida huchoka baada ya mwaka mmoja au miwili. Ncha za TDS zinataka kinyume chake, kukaa kavu. Kuviunganisha ni kununua kifaa ambacho nusu yake itakufa mapema. Ningenunua kalamu ya TDS peke yake na kupima pH kwa matone.

Nitazame nini kabla ya kulipa?

Anza na fidia ya joto, ambayo kwenye pakiti huandikwa ATC. Uwezo wa maji kupitisha umeme hupanda kwa takriban asilimia 2 kwa kila nyuzi moja ya joto, na vipimo vyote hulinganishwa kwenye nyuzi 25. Maji ya mfereji Nairobi asubuhi ya Julai ni baridi. Tuseme yako kwenye nyuzi 18: mita isiyo na fidia itasoma karibu asilimia 14 chini ya ukweli, halafu utapima tangi lenye hita la nyuzi 26 na kudhani madini yameongezeka. Bila ATC, usinunue.

Kisha uliza kama inaweza kurekebishwa, yaani kama ina skrubu ndogo au kitufe cha kuirudisha kwenye namba sahihi. Nyingi za bei ya chini kabisa hazina. Zinatumika, lakini siku zikipotoka huna la kufanya.

Angalia pia hatua ya usomaji. Kwa maji ya RO unataka mita inayosoma ppm moja moja, ili uone tofauti ya 4 na 11. Mita zinazoruka kwa 10 zimetengenezewa mashamba ya haidroponi, yaani kilimo kisichotumia udongo, hazikufai hapa. Upeo wa juu si muhimu: 999 inakutosha kwa samaki wasio wa bahari.

Mwisho, tafuta kwenye karatasi ya maelezo inatumia kizidishi gani. Na pendelea mita inayoonyesha µS/cm pamoja na ppm, kwa sababu itakayofuata.

Kwa nini mita yangu inasoma 300 na ya rafiki yangu 420 kwenye ndoo ileile?

Huenda zote mbili ni nzima. Maji yenye 600 µS/cm yakizidishwa kwa 0.5 ni 300 ppm. Yakizidishwa kwa 0.7 ni 420 ppm. Watengenezaji hutumia vizidishi tofauti kutegemea chumvi waliyoichukua kuwa mfano: 0.5 ni ya chumvi ya kawaida ya mezani, 0.7 inakusudiwa kufanana na maji ya mito na visima.

Hii ndiyo sababu ushauri wa "weka TDS 180" unaopewa na mtu wa mbali unaweza kukupotosha kwa zaidi ya theluthi moja. Muulize kizidishi chake, au mkubaliane kuzungumza kwa mikrosimensi.

Nitajuaje mita niliyouziwa si feki?

Fanya jaribio la sifuri kwanza. Nunua maji safi ya betri kwenye kituo cha mafuta, yale yasiyo asidi. Soma kibandiko vizuri. Mimina kidogo kwenye glasi iliyosuuzwa kwa maji hayohayo. Mita nzuri itasoma 0 hadi 3 au karibu na hapo. Ikisoma 25, ama glasi ina chumvi, ama mita ina kasoro. Suuza tena, rudia.

Jaribio la pili linahitaji chumvi na mizani ya jikoni. Gramu 1 ya chumvi katika lita 1 ya maji safi ni 1000 ppm, ila mizani nyingi za nyumbani haziaminiki kwenye gramu moja. Basi pima gramu 10, zikoroge katika maji hayo ya betri hadi ujazo wote ufike lita 1, kisha chukua mililita 100 za mchanganyiko huo na uzijaze hadi ziwe lita 1. Mchanganyiko wa pili ndio unaoupima. Mita ya kizidishi 0.5 itasoma karibu 1000, kwa hiyo hapa ile yenye upeo wa 999 itashindwa. Ongeza maji safi kiasi sawa na mchanganyiko na utafute takriban 500. Mita ya 0.7 itasoma karibu 1400. Kwa jaribio hili umejua mambo mawili: kama mita ni nzima, na inatumia kizidishi gani. Halina usahihi wa maabara, lakini mita iliyopotoka kwa asilimia 20 itajulikana papo hapo.

Ukitaka usahihi zaidi, nunua kipakiti cha kioevu cha kurekebishia. Kile cha 1413 µS/cm ni cha kawaida sana: kwenye nyuzi 25, mita ya 0.5 inapaswa kuonyesha karibu 707, ya 0.7 karibu 989. Kikishafunguliwa, usikirudishe kwenye pakiti kukitumia tena mwezi ujao.

Mashine ya RO inapaswa kushusha TDS hadi wapi?

Membreni nzima huondoa takriban asilimia 90 hadi 98 ya kilichoyeyuka. Hesabu ni rahisi: toa namba ya maji yatokayo kwenye namba ya maji yaingiayo, gawanya kwa yaingiayo. Kisima kikisoma 480 na RO ikatoa 20, umepata 460 kwa 480, karibu asilimia 96. Hiyo ni afya. Ikishuka chini ya 90 na ikaendelea kushuka wiki hadi wiki, membreni inaelekea mwisho wake, ambao mara nyingi huja baada ya miaka 2 au 3 ikiwa filta za mbele zilibadilishwa kwa wakati. Zingatia asilimia, usikazie namba ya mwisho peke yake: 20 kutoka maji ya 480 ni kazi nzuri, 20 kutoka maji ya kaunti ya 70 ni kazi mbovu.

Lakini kabla hujalaumu membreni, tazama presha. Hapa Nairobi hili ndilo jibu mara nyingi. Mashine hizi hutaka takriban psi 40 hadi 60. Tangi lililo juu ya paa hutoa takriban psi 14 kwa kila mita 10 za kimo, kwa hiyo anayeishi orofa ya juu kabisa, mita tatu au nne chini ya tangi, ana psi 5 hivi. Kwa presha hiyo membreni hutoa maji kwa shida na TDS hubaki juu. Dawa yake ni pampu ya kuongeza presha. Kununua membreni mpya ni kutupa pesa.

Jambo jingine: dakika za kwanza baada ya kuwasha mashine, namba huwa juu kuliko kawaida, kwa sababu madini yamepenya taratibu kwenye membreni wakati imetulia. Acha maji yatiririke dakika kadhaa, ndipo upime. Na usimwage maji ya kando. Mashine ya kawaida hutupa lita 3 au 4 kwa kila lita 1 inayotengeneza, na katika jiji la mgao hayo ni maji ya kupigia deki na kufulia. Yana madini zaidi tu, si machafu.

Je, niwaweke samaki kwenye maji ya RO matupu?

Usifanye hivyo. Maji ya ppm 5 hayana KH ya kuishikilia pH, na asidi inayotokana na kazi ya bakteria wa filta inaweza kuiangusha ghafla usiku mmoja. Samaki nao huhitaji madini ili kudhibiti chumvi za mwilini. Ama unaongeza madini maalumu ya GH na KH, ama unachanganya na maji yako ya mfereji yaliyotolewa klorini.

Kuchanganya ndiko mita inakoonyesha thamani yake. Tuseme unataka lita 60 za ppm 150, una kisima cha 480 na RO ya 20. Toa 20 kwenye 150, upate 130. Toa 20 kwenye 480, upate 460. Gawanya 130 kwa 460: karibu 0.28. Zidisha kwa 60, na unahitaji lita 17 za kisima na lita 43 za RO. Koroga, pima, rekebisha kwa kikombe. Kama maji yako ni ya kaunti na yanasoma 80, kwa samaki wengi hakuna haja ya RO kabisa. Kuna watu wamenunua mashine ya maelfu ya shilingi kuondoa madini ambayo hawakuwa nayo.

Samaki wangu wanataka TDS ngapi?

Makadirio haya ni ya ppm kwa kizidishi cha 0.5. Diskasi na neoni tetra hupenda maji mepesi, kati ya 50 na 150. Gapi, moli na samaki wa dhahabu hustawi kwenye 150 hadi 350, ilimradi sehemu kubwa iwe kalsiamu kweli. Kamba wadogo wekundu wa jamii ya Neocaridina wanakubali 150 hadi 250. Kilicho muhimu kuliko namba yenyewe ni kutoyumba: samaki aliyezoea 250 ataishi vizuri zaidi kwenye 250 ya kila wiki kuliko kwenye 120 leo na 400 Jumamosi.

Kwa wafugaji wa samaki wa maziwa yetu nina neno zaidi, kwa sababu watu wengi humwaga chumvi bila kuangalia maziwa yenyewe yalivyo. Maji ya Ziwa Victoria yana takriban 100 µS/cm tu, yaani kama ppm 50. Ziwa Malawi, au Nyasa, anakotoka samaki wa mapambo aitwaye mbuna, lina takriban 250, yaani ppm 125. Tanganyika ndilo zito, likikaribia 650. Mbuna basi hahitaji ppm 600. Anahitaji pH ya karibu 7.7 hadi 8.6 na KH ya kuishikilia, na hapo ndipo maji yetu ya visima, yenye bikaboneti yake, yanapomfaa vizuri kuliko anavyofaidi mfugaji wa diskasi.

Kwa nini TDS ya tangi inapanda ingawa sijaongeza kitu?

Umeongeza. Chakula ni madini, kinyesi ni madini, mawe ya chokaa yanayeyuka taratibu, na zaidi ya yote maji yanaporuka hewani yanaacha kila kitu nyuma. Tangi la lita 100 lenye ppm 200 likipoteza lita 10, zile lita 90 zilizobaki zina takriban 222. Ukijazia kwa lita 10 za kisima cha 400, umefika 240. Fanya hivyo wiki baada ya wiki na samaki wanajikuta kwenye 500 polepole sana hivi kwamba huoni kitu, mpaka siku unapoleta samaki mpya naye anakufa kesho yake huku wa zamani wakiogelea bila wasiwasi.

Fidia maji yaliyoruka kwa RO au maji mepesi ya kaunti. Kupunguza kilichojilimbikiza ni kazi ya kubadilisha maji: ukitoa robo ya tangi la 300 na kuweka maji ya 100, unapata 250. Usiishushe namba yote siku moja.

Namzoeshaje samaki mpya kwa kutumia mita?

Pima maji ya mfuko kabla ya kitu kingine chochote. Tofauti ikiwa chini ya ppm 50, kuelea kwa mfuko ili joto lilingane kunatosha kwa samaki wengi. Tofauti ikiwa mia mbili au tatu, mhamishe na maji yake kwenye ndoo, vuta maji ya tangi lako kwa mpira mwembamba uliofungwa fundo, tone kwa tone, huku ukipima kila baada ya muda, hadi namba zikaribiane. Saa moja ni kawaida. Kwa kamba, mbili. Safari ikiwa ndefu, kama samaki aliyesafirishwa kwa basi kutoka Mombasa, usivute muda, kwa sababu mfuko ukifunguliwa pH hupanda na amonia iliyokusanyika humo huwa kali zaidi. Weka dawa ya kuzima amonia kwenye ndoo.

Maji ya mvua je?

Yanaweza kusoma chini ya 20, na katika mvua za masika, Machi hadi Mei, unaweza kukusanya mengi. Acha mvua ya kwanza ioshe paa. Mabati mapya hutoa zinki, ambayo ni sumu kwa kamba na konokono hata ikiwa kidogo sana, na mita haitakuonya. Tumia kama unavyotumia RO, kwa kuchanganya.

Nina tangi la maji ya bahari. Inanisaidia?

Kwa maji ya RO unayochanganyia chumvi tu. Maji ya bahari yana takriban ppm 35,000, nje kabisa ya upeo wa kalamu hizi. Tafuta refraktomita, kifaa kinachopima chumvi kwa kutumia mwanga.

Muuzaji wa filta alitumbukiza vyuma viwili kwenye maji yangu yakageuka kahawia. Ni machafu kiasi hicho?

Rangi ile ni kutu ya chuma chake. Umeme unapopita kwenye maji yenye madini, ncha za chuma humomonyoka na kutoa uchafu ule. Kwenye maji ya RO hakuna madini ya kubeba umeme, kwa hiyo hakuna kinachotokea. Jaribio hilo halithibitishi uchafu wowote. Mwombe arudie kwenye maji ya RO baada ya kuweka chumvi kidogo safi, uone yanavyogeuka vilevile.

Naitunzaje mita, na nipime mara ngapi?

Suuza ncha kwa maji ya RO kila baada ya kupima, pukuta, funika ikiwa kavu. Usiguse ncha kwa vidole, usizamishe kupita mstari. Ukipima, igonge taratibu kwenye ukingo wa glasi ili mapovu yatoke, subiri namba itulie. Zikishika ukoko mweupe, ziloweke dakika chache kwenye siki kisha suuza sana. Namba zikianza kucheza bila sababu, badilisha betri kwanza.

Maji yanayoingia nyumbani yapime kila unapobadilisha maji ya tangi, na kila mgao unaporudi. Tangi mara moja kwa wiki. RO kila unapojaza ndoo, baada ya zile dakika za mwanzo. Andika namba kwenye daftari pamoja na tarehe na chanzo: kaunti, kisima au boza. Mita yenyewe irekebishe kila baada ya miezi mitatu hivi, na wakati wowote inapoanguka sakafuni.